Nafasi Tatu

Baraza limeamua: baraza livunjwe.
Sentensi hiyo niliiandika mimi,
kwenye muhtasari, ukurasa wa pili,
na herufi kubwa moja tu
ndiyo iliyotenganisha waamuzi na jiwe.

Kanuni ya kumi na nne:
kila duka la barabara kuu, hapa Wete,
liwe na nafasi tatu za gari ndani ya kiwanja chake.
Nafasi moja, mita mbili na nusu kwa tano.
Atakayekosa, asipewe leseni ya mwakani.

Tulianza kwa Bi Mize Faki,
muuza vifungo, zipu, uzi na mipira ya kiuno.
Massoud wa Mipango alishika kichwa cha utepe,
mimi nikashika mkia.
Duka lina hatua nne kwa tano,
pamoja na paka.
Baraza lake la nje, mawe na chokaa,
limelika pale katikati
kama kipande cha sabuni kilichobakia.

"Hizo gari tatu," akauliza, macho hayakutoka kwenye sindano,
"zikishaingia, mimi nitauzia wapi?"
Massoud akaandika: Mmiliki hana pingamizi la maandishi.

Sikulala vyema.
Jumanne nikaja mapema na daftari,
nikasimama ukutani kwa posta
nikahesabu mpaka adhana ya adhuhuri:
gari kumi na moja,
saba zina namba za serikali,
moja haina injini, ndani anataga kuku.
Baiskeli mia na sita.
Vespa zilinishinda.
Watu wa miguu, fomu haikuwa na safu yao.

Na kanuni yenyewe hatukuitunga sisi. Nilikuwapo.
Ilikuja kwenye faili la semina,
ya mji mwengine, wa barabara za njia sita;
tukafuta jina la mji ule, tukaandika letu,
tukala biriani.
Kanzu ya mrefu tumemvisha mfupi,
sasa twamlaumu kwa kujikwaa.

Siku ya malalamiko ukumbi ulijaa.
Khatib Chumu, fundi saa, alisema kwa hasira, hakusikika.
Muuza dawa alileta wakili kutoka Unguja.
Bi Mize alikuja na mkoba wa ukili
na swali moja:
"Imeandikwa gari. Gari gani?"

Mwenyekiti akapindua karatasi, akapindua tena.
"Gari, bibi. Gari ni gari."

"Na la ng'ombe?"

Watu wakaangua kicheko, mimi nikajificha nyuma ya kalamu.
Yeye hakucheka.
Akasema mpwawe Asaa analo,
hubeba mchanga, matofali,
na masanduku ya maharusi wa Limbani;
ng'ombe akishafunguliwa, gari huinuliwa mikono juu
likaegemea ukuta kama mtu aombaye dua.
"Halitaki robo ya nafasi yenu.
Andikeni hivyo, nami nitawatimizia tatu."

Massoud alinong'ona kuwa sheria haikukusudia hivyo.
Mwanasheria akanong'ona kuwa sheria haikusema.
Ikaahirishwa.

Imeahirishwa hadi leo, mwezi wa saba huu.
Wenye haraka walishavunja:
yule wa duka la simu alibomoa usiku,
akapaka mistari mieupe, akaweka na mnyororo.
Kila alasiri watoto huuruka mnyororo
wakacheza nage humo, mistari ni mizuri kweli.
Waliokuwa wakikaa kwake
wamehamia kwa Bi Mize, na redio yao,
na kahawa, na ugomvi wao wa bei ya karafuu.

Jana zipu ya suruali yangu ya kazi ilikatika.
Nikaenda, nimeikunja kwapani.
Akaniangalia juu ya miwani:
"Umeegesha wapi?"
"Nimekuja kwa miguu."
Akawaashiria wasogee. Wakasogea,
mmoja akinung'unika,
kiasi cha upana wa mtu.

Upana ule sikuupima.